"Ingekuwa heri kama ungekuwa baridi": je, Yesu anampendelea asiyeamini kuliko Mkristo dhaifu?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili kutoka Morogoro ameniandikia hivi, nami nimeifupisha barua yake kidogo:

"Bwana Yesu asifiwe. Kwenye mkutano wetu wa vijana tulifundishwa Ufunuo 3:15-16. Mhubiri akasema afadhali mlevi wa kupindukia kuliko Mkristo vuguvugu, maana Yesu mwenyewe amesema ni heri tungekuwa baridi. Tangu siku hiyo kijana wangu mmoja hajarudi. Nilipomfuata kwao akaniambia, 'Mwalimu, kuwa moto nimeshindwa, basi nimechagua baridi. Si amesema ni heri?' Nikakosa la kumjibu. Mwenzangu anasema andiko lile linahusu maji ya mji wa Laodikia, na kwamba moto na baridi yote ni mazuri. Ni kweli? Na kama ni kweli, wazee wetu waliosoma Biblia bila kujua habari za maji hayo walisoma vibaya?"

Amina, Mwalimu. Nianze na kijana, kwa sababu yeye ndiye anayesubiri jibu. Amefanya kitu ambacho wengi wetu hatufanyi: amelisikia andiko na kulifuata hadi mwisho wake. Kama baridi maana yake ni kuwa mbali na Mungu, na kama Yesu kweli anasema ni heri kuwa baridi, basi hesabu yake ni sahihi kabisa. Tatizo liko katika ile "kama" ya kwanza. Nani alituambia kwamba baridi katika mstari huu ni kuwa mbali na Mungu?

Andiko lenyewe ni hili: "Nayajua matendo yako, ya kuwa hu baridi wala hu moto, ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto. Basi, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika utoke katika kinywa changu." Kabla hatujafika kwenye habari za maji ya Laodikia, tazama kitu kimoja ambacho kimo ndani ya mstari na hakihitaji kitabu kingine. Kuna kinywa. Kuna kutapika. Anayezungumza ameweka kitu mdomoni akakikataa. Kwa hiyo tunazungumzia kinywaji. Hatuna hapa ngazi yenye baridi chini, uvuguvugu katikati na moto juu. Sisi ndio tulioileta ngazi hiyo tulipokuja kusoma.

Na kinywaji, Mwalimu, unakijua. Nenda duka lolote la Morogoro uagize soda, muuzaji atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Anaposema ya moto anamaanisha ile iliyokaa kwenye kreti nje ya friji, ambayo kwa kweli haina moto wowote, ni vuguvugu tu. Chai ya moto watu wanaitaka, maji ya baridi wanayataka, lakini hiyo soda ya kwenye kreti mtu huinywa kwa kukosa nyingine. Kwa mdomo, moto na baridi haviko kwenye pande mbili za wema na ubaya.

Biblia nayo inajua hivyo. Mithali 25:25 inalinganisha habari njema kutoka nchi ya mbali na maji ya baridi kwa mtu mwenye kiu. Katika Mathayo 10:42 kikombe cha maji ya baridi ndicho chenye thawabu. Sitakuficha upande wa pili: Mathayo 24:12 inasema upendo wa wengi utapoa, na pale kupoa ni kubaya. Kwa hiyo picha ya baridi hutumika huku na huku, na ni mstari wenyewe unaoamua. Katika Ufunuo 3 Yesu anaweka baridi na moto pamoja upande mmoja, wa heri, na uvuguvugu peke yake upande wa pili. Ukitaka baridi iwe ubaya, itabidi ueleze kwa nini Bwana ameusifu ubaya sambamba na wema katika pumzi moja. Ufafanuzi wa mhubiri wenu, kwamba mlevi anayejulikana ni afadhali kwa sababu hana unafiki, ni jaribio la kulieleza hilo. Ni la zamani na wako watu wa maana walioshika njia hiyo. Mimi siikubali, na sababu yangu kubwa haitoki kwa wachimbaji wa magofu, inatoka kurasa mbili nyuma katika Biblia hiyo hiyo.

Barua ya Laodikia ni ya saba katika zile barua saba kwa makanisa zilizomo Ufunuo 2 na 3. Zilisafiri pamoja katika kitabu kimoja, na kila kanisa lilisikia na za wenzake. Rudi kwa Efeso: hilo ndilo kanisa lililopoa kwa maana tunayoitumia sisi. "Umeuacha upendo wako wa kwanza." Hakuna neno la moto wala baridi pale. Kisha soma Sardi: "una jina la kuwa hai, nawe umekufa." Kanisa lililokufa! Kama kuna kanisa baridi katika zile saba, ni Sardi. Je, Bwana anawaambia, heri ninyi kwa kuwa mmekufa kabisa badala ya kufa nusu? Anawaambia wakeshe, wayaimarishe mambo yaliyosalia, watubu. Yesu wa barua hizi hana mahali popote anapopongeza umbali. Kijana wako asomewe Sardi kwanza, kabla ya Laodikia.

Sasa habari za maji. Mwenzako hakubuni, ila kama kawaida habari ikisafiri sana hunenepa njiani.

Laodikia ilikuwa katika bonde la mto Lycus, magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, karibu na mji wa Denizli. Iliasisiwa katika karne ya 3 K.K. na mfalme Antioko wa Pili, akaipa jina la mkewe Laodike. Ng'ambo ya bonde, kaskazini, kama kilomita 10, uko Hierapoli, mji wenye chemchemi za moto ambazo mpaka leo humwaga maji ya nyuzi kama 35 juu ya majabali meupe. Watalii huuita Pamukkale. Kusini-mashariki, kati ya kilomita 15 na 20, ilikuwa Kolosai, chini ya mlima wenye theluji. Paulo anayataja makanisa haya kama majirani: katika Wakolosai 4:13 Epafra anajitaabisha kwa ajili ya Wakolosai, na walioko Laodikia, na walioko Hierapoli.

Mwaka 1957 wasomi wawili Waingereza, mmoja wao mtaalamu wa miamba, walichapa makala fupi wakisema: Hierapoli ina maji ya moto yanayoponya, Kolosai ina maji ya baridi yanayoburudisha, na Laodikia katikati ina maji ya vuguvugu yasiyofaa kwa lolote. Kwa hiyo Bwana hawalaumu kwa kukosa hisia kali, anawalaumu kwa kutokuwa na faida: hawaponyi kama Hierapoli, hawaburudishi kama Kolosai. Wazo hilo liliingia katika vitabu vya ufafanuzi, kutoka vitabuni likaingia mimbarini, kutoka mimbarini likaingia kwa waongoza watalii. Na huko ndiko lilikonenepa. Leo utasikia kwamba mabomba ya Laodikia yalitoa maji Hierapoli, yakafika yamepoa nusu. Hilo si kweli. Hierapoli iko upande wa pili wa bonde, na mto uko katikati. Mfereji wa Laodikia ulitoka kusini, upande wa Denizli, na mabaki yake yapo: mistari miwili ya mawe yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa, ikishuka bondeni na kupanda tena kwa msukumo wa maji yenyewe. Ndani ya matundu hayo kuna ukoko mzito wa chokaa. Ukoko unathibitisha kwamba maji yalikuwa na madini mengi. Hauwezi kukuambia yalikuwa na joto gani, na watu wengi huonyesha picha ya ukoko ule kana kwamba ni kipimajoto.

Mashahidi wa kale nao hawaisemi vibaya sana Laodikia. Strabo, mwanajiografia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 1, anasema maji ya Hierapoli hugeuka jiwe upesi, na kwamba mito ya Laodikia ina tabia hiyo pia, ila maji yake yanafaa kunywa. Wenyeji wenyewe waliyathamini: wachimbaji wa siku hizi wamepata pale jiwe lenye sheria ya maji ya mwaka 114, yenye faini kwa anayeharibu mabomba au kujichepushia maji. Hakuna serikali inayotunga faini kwa ajili ya maji ya kutapika. Na Kolosai, ambayo tunahakikishiwa utamu wa maji yake, ni kilima ambacho kwa miaka mingi hakikuchimbwa kabisa.

Kwa sababu hizo, mwaka 2003 msomi mmoja wa Kimarekani aliyachambua madai yote ya "Laodikia na mazingira yake" akapendekeza tuangalie mezani badala ya kwenye mabomba. Katika miji ya dola ya Kirumi, mwenye karamu alimpa mgeni divai iliyochanganywa na maji ya moto, au divai iliyopozwa, hata kwa theluji kwa wenye uwezo. Kaisari Nero alikuwa na mtindo wake wa kuchemsha maji kisha kuyapoza ndani ya theluji, na waandishi wa Kirumi waliuandika. Kinywaji cha vuguvugu kilikuwa na kazi nyingine: Celsus, mwandishi wa tiba wa karne hiyo hiyo ya 1, anamshauri mtu anayetaka kutapika baada ya chakula anywe kwanza maji ya uvuguvugu. Msikilizaji wa Laodikia hakuhitaji jiografia ili aelewe "nitakutapika". Alihitaji tu kuwa amewahi kukaa karamuni. Na ona barua inavyoishia, mstari wa 20: "nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami." Imeanza na kinywaji kilichokataliwa ikaishia mezani.

Kwa hiyo mwenzako amekosea njia akafika mahali pazuri. Moto na baridi vyote ni vizuri, hilo nalisimamia. Kwamba sababu ni mabomba, hilo mimi siwezi kulifundisha kama jambo la hakika, na nakushauri nawe usilifundishe hivyo. Mwanafunzi wako ana simu, atatafuta, na akikuta bomba halikutoka Hierapoli atakutilia shaka hata pale uliposema kweli.

Lakini nisikuache ukidhani historia haina kazi hapa. Kazi yake kubwa iko mstari unaofuata, ambao wahubiri wetu huuruka kwa haraka ya kufika kwenye mlango unaobishwa: "Kwa kuwa wasema, Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu, nawe hujui ya kuwa wewe u mnyonge, na mwenye mashaka, na maskini, na kipofu, na uchi." Soma "kwa kuwa" hiyo polepole. Uvuguvugu unaelezwa. Ugonjwa wa kanisa hili umetajwa kwa maneno ya kanisa lenyewe: sina haja ya kitu.

Na hapa mji tunaujua vizuri. Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, alipokwenda kuwa gavana mwaka 51 K.K. alipitia Laodikia, na barua zake zinataja fedha alizopanga kuzipokea huko, jinsi sisi tunavyopokea kwa wakala hela iliyotumwa kutoka mbali. Wayahudi wa eneo hilo walikuwa wengi na wenye uwezo: mwaka 62 K.K. gavana Flaccus alizuia dhahabu iliyokuwa ikienda hekalu la Yerusalemu, na sehemu iliyokamatwa Laodikia ilizidi kidogo paundi 20. Strabo anamtaja raia mmoja, Hiero, aliyeuachia mji urithi wa zaidi ya talanta 2,000. Anataja pia kondoo wa pale wenye sufu laini nyeusi kama kunguru, iliyowaingizia watu fedha nyingi.

Kisha likaja tetemeko la mwaka 60. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, analitaja kwa sentensi moja: Laodikia, mmoja wa miji mashuhuri ya Asia, ilibomoka kwa tetemeko, ikainuka tena kwa mali yake yenyewe, bila msaada wowote kutoka Roma. Ili uone uzito wa sentensi hiyo, weka kando ya tetemeko la mwaka 17, lililoangusha miji 12 ya jimbo hilo hilo. Sardi ndiyo iliyoumia zaidi. Kaisari Tiberio aliiahidi sesterti milioni 10, fedha ya Kirumi, na kuisamehe kodi miaka mitano. Filadelfia nayo ilikuwa kati ya waliosaidiwa. Kupokea msaada ilikuwa kawaida. Hata Laodikia yenyewe iliwahi kuomba, zamani za Kaisari Augusto: Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Tiberio akiwa bado kijana alisimama mbele ya baraza la wazee wa Roma kuwatetea watu wa Laodikia, Thiatira na kisiwa cha Kio waliopigwa na tetemeko. Kwa hiyo mji huu uliwahi kuomba, na mwaka 60 haukuomba. Ulikuwa umepanda cheo.

Tukikubali tarehe ambayo Ireneo, askofu wa kale, aliiacha mnamo mwaka 180, kwamba Yohana aliyaona maono karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitiano (aliyeuawa mwaka 96), basi barua ilifika miaka 35 hivi baada ya tetemeko. Wako wanaoirudisha nyuma hadi miaka ya 60, lakini wengi hushika tarehe ya Ireneo, nami niko nao. Kufikia hapo mji ulikuwa umejaa majengo mapya yenye majina ya watu waliotoa fedha zao. Uwanja wa michezo ulizinduliwa mwaka 79, zawadi ya tajiri mmoja wa mji aitwaye Nikostrato. Miaka michache baadaye mtumwa wa Kaisari aliyeachwa huru alijenga lango kubwa na kuandika jina lake. Fikiria fundi sufu Mkristo anayepita chini ya lango lile kwenda ibada ya nyumbani, kisha mtu anasimama na kusoma "wasema, Mimi ni tajiri, wala sina haja ya kitu". Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni sauti ya nani. Ilikuwa imechongwa ukutani.

Je, hii inathibitisha kwamba Yohana aliliwaza tetemeko? Hapana. Hakulitaja. Na yule aliyezoea manabii atasikia mwangwi mwingine: katika Hosea 12 ni Efraimu anayejisifu kwamba amekuwa tajiri na kujipatia mali. Yohana alikuwa amelowa manabii. Karibu kila mstari wake una kipande cha Agano la Kale. Hata kutapika kupo: Walawi 18 inasema nchi huwatapika wenyeji wake waovu. Hivyo usiniulize ni Hosea au ni tetemeko. Maneno ya Hosea yalisomwa katika mji wenye majengo ya Nikostrato, na ndiyo maana yalichoma.

Mhubiri mwenye haraka angeongeza hapa dawa ya macho. Utasikia: Laodikia ilikuwa na benki, ndipo Yesu akasema dhahabu, ilikuwa na sufu nyeusi, ndipo akasema mavazi meupe, ilikuwa na kiwanda cha dawa ya macho, ndipo akasema dawa ya macho. Inapendeza sana inavyopangika. Benki tumeziona. Sufu nyeusi tumeiona, ingawa mavazi meupe yameahidiwa pia Sardi, ambako hakuna aliyetuambia habari za kondoo weusi. Dawa ya macho ndiyo inayoyumba. Strabo anataja shule kubwa ya waganga kati ya Laodikia na mji jirani wa Karura, kwenye hekalu la mungu Men. Na mwanafunzi wa mmoja wa wakuu wake, Demosthene, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya macho. Hapo ushahidi unaishia. Kiwanda cha dawa kinachouza dunia nzima kimejengwa na wafafanuzi. Dawa za kupaka macho ziliuzwa kila mji wa dola ile. Mimi darasani husema "mji wenye waganga mashuhuri karibu", kisha naendelea na safari.

Kipimo changu ni chepesi, nawe unaweza kukitumia kwa habari yoyote ya "mazingira" utakayoisikia. Uliza: ni nani wa zama zile aliyesema hivyo, au ni jiwe gani lililochimbwa linalosema hivyo? Kisha uliza: je, andiko linabadilika kuwa laini mno baada ya habari hiyo? Ile ya tundu la sindano, kwamba lilikuwa lango dogo la Yerusalemu ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti, inashindwa maswali yote mawili. Hakuna mwandishi wa karne ya 1 anayelijua lango hilo, na kazi yake ni kumfariji tajiri.

Sasa wazee wetu. Umeuliza kama walisoma vibaya. Kwanza, wazee walisoma wakiwa mahali fulani, kama sisi sote. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Bukoba na Kenya, uliwakuta Wakristo waliobatizwa kwa wingi, wanaokwenda kanisani na wengi wao bado na maisha yale yale. Lugha ya kulala na kuamka, kupoa na kuwaka, ilikuwa lugha ya kusema ukweli katika hali hiyo. Watu waliungama wizi, wakarudisha mali za watu. Waliposoma "uvuguvugu" wakaona ubatizo usio na toba. Hawakukosea shabaha, maana mstari wa 19 wa barua hii hii unasema, "basi uwe na bidii, ukatubu." Bidii imo. Anayesema kwamba andiko hili halina lolote juu ya bidii hajamaliza kusoma.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonisumbua. Kuwaka kulikuwa toba. Polepole kukawa sauti. Siku hizi Mkristo "moto" ni yule anayekesha, anayepaza sauti, anayefunga siku nyingi, na "vuguvugu" ni yule mama mnyamavu wa kiti cha nyuma ambaye hatujui kwamba ndiye anayempikia uji jirani yake mgonjwa. Weka mama huyo mbele ya mstari wa 17 uone kama unamhusu. Je, ni yeye anayesema hana haja ya kitu? Halafu weka kanisa lenye vyombo vya muziki vya mamilioni, lenye kelele hadi usiku wa manane, linalojitangaza jinsi lilivyobarikiwa. Ukisoma kwa kipimo cha kelele, hili la pili ni moto. Ukisoma kwa "kwa kuwa wasema", mambo yanageuka. Smirna, kanisa lililoambiwa "naijua dhiki yako na umaskini wako, (lakini u tajiri)", halikuambiwa lina uvuguvugu, wala halikulaumiwa kwa neno lolote.

Kwa hiyo kwa swali lako la mwisho: aliyesoma bila habari za Laodikia lakini akasoma barua yote, na zile sita nyingine, alifika. Aliyesoma mistari miwili tu, hata awe na ramani na picha za mabomba, anaweza kumpoteza kijana. Historia imenisaidia mimi kuona uvuguvugu ni wa aina gani na unamfaa nani. Haikunipa mstari wa 17, ulikuwepo.

Rudi basi kwa kijana wako. Usimpelekee Strabo. Mwambie kwamba alichokuambia, "nimeshindwa", ni kinyume kabisa cha walichosema watu wa Laodikia. Wao walisema wametosheka. Mtu anayejua kwamba ni maskini na kipofu na uchi ameshajua kile ambacho kanisa lile lilikuwa halijui, na shauri la mstari wa 18, la kununua dhahabu na mavazi na dawa bila kuwa na fedha, limeandikwa kwa mtu kama yeye. Baridi aliyoichagua haimo katika barua hii. Mweleze pia, kwa heshima ya mhubiri, kwamba yule mfano wa mlevi ni maoni ya mhubiri.

Na mstari wa 20, kwa kuwa najua utaufikia: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Tumeutumia sana kwenye mikutano ya injili kwa watu wasioamini, na sioni haja ya kumkataza mtu. Ila Yohana alikuwa akiliandikia kanisa. Waliokuwa ndani ya mlango ule ni waumini, mezani kwao, na Bwana wao alikuwa nje. Ukifika hapo darasani, waulize vijana wenyewe ni nani katika habari hii aliyeondoka. Kijana wako akiwepo siku hiyo, mwache aanze kujibu yeye.